Mtakatifu wa Mchana na Usiku

Mwaka mmoja na nusu mtoto wangu Gertrude alikuwa na mkwe, na hakujua pua ya mkwe huyo ikoje. Mgongo aliujua. Kila alipofika kwetu mtaa wa Panda aliuona mgongo wa Damas ukikimbilia ndani ya nyumba, naye akageukia ukuta wa jirani. Kwetu hiyo ndiyo heshima, tunaiita buko. Mpaka buko ifunguliwe, mama na bwana wa binti yake hawatazamani, hawasemezani, hawali sahani moja. Ukiwakuta sokoni utadhani mmoja ameiba mbuzi wa mwenzake.

Mimi buko hainihusu. Mimi ni nkambo, nyanya wa Noëlla, na bwana wa mjukuu wangu ni bwana wangu. Noëlla mwenyewe ni mbanda wangu, mke mwenzangu. Ninakaa nao nyumba moja, Damas ninamtazama nitakavyo, na kusema kweli anatazamika. Ni fundi wa kuchomelea milango ya chuma. Akivua shati lake la kazi pale uani, hata jogoo anasahau kuwika. Ningekuwa na miaka sitini tu, Noëlla angelala na kufuli mlangoni.

Lakini bwana huyo, kwa bahati mbaya yangu, hana macho kwa mtu mwingine. Mimba ilipofika mwezi wa nane na miguu ya Noëlla ikaanza kuvimba, kila jioni alikaa naye kizingitini, akaiweka miguu ile mapajani mwake na kuikanda kwa mafuta ya mawese. Mmoja anatazama miguu, mwingine anamtazama anayetazama miguu. Mimi nakohoa, hawasikii. Nimekohoa mpaka nikapewa dawa ya kifua.

Na "kilo" je? Kilo ndipo wamama wenye mimba wanapopimwa uzito na kufundishwa mambo ya mtoto. Wanaume wa Panda huwafikisha wake zao mlangoni, wakageuka. Damas aliingia. Alikaa benchi moja na wamama ishirini na tatu, akafungua daftari lake, akaandika kila neno la mwuguzi Simone kama mtoto wa shule anayeogopa fimbo. Akirudi nyumbani anafunga mto katika kikwembe, kitenge cha Noëlla, anaulaza mkononi, anajizoeza. Majirani wakamwita Baba Maziwa. Naye anaitika.

Basi Jumamosi ile, saa tisa za mchana, Gertrude akashuka kwenye pikipiki kutoka Buluo na mfuko mkubwa mtupu. Alikuja kumchukua Noëlla.

Ndiyo desturi, hakuna wa kumlaumu. Mtoto wa kwanza huzaliwa kwa mama wa binti, na binti hukaa huko mpaka mtoto ajue kukaa mwenyewe: miezi sita. Kabla buko haijafunguliwa, mama mkwe hawezi kwenda kulala nyumbani kwa mkwe wake, hilo halipo. Kwa hiyo binti ndiye anayehama. Damas alikuwa ameijua siku hiyo tangu zamani, kama mtu anavyojua kwamba jino litang'olewa. Tena alijua majirani watamwuliza, "Muke iko wapi?" naye ajibu, "Iko Buluo," nao washike kichwa: "Yesu! Alifanya nini?" Maana Buluo kuna gereza kubwa, na Panda hakuna anayekumbuka kwamba huko wako pia watu wa kulima mihogo.

Noëlla alikuwa jikoni nyuma ya nyumba, anatwanga sombe, majani ya mihogo. Gertrude alikaa uani, mgongo kwa mlango. Damas alikuwa ndani, nyuma ya pazia. Kati yao nilikaa mimi kizingitini, na mbele yangu sufuria kubwa, kwa sababu ikiwa kuna jambo zito watu wa buko huiambia sufuria, na kinachoambiwa sufuria husikiwa na wote.

"Weye sufuria," Damas akaanza, sauti imenyooka kama ya msomaji wa misa, "ambia mama kama minye namusalimia na heshima yote."

"Weye sufuria," Gertrude akajibu, macho kwenye ukuta wa jirani, "ambia ule muntu kama nimesikia. Muambie tena munkoyo ya kunywa iko tayari, chumba iko tayari. Kesho asubui naenda na mutoto wangu. Miezi sita si mingi."

Ndani kitu kilianguka. Nadhani ni daftari.

"Sufuria," Damas akasema, "uliza mama kama Noëlla hawezi kuzalia hapa. Hospitali iko karibu. Na minye niko hapa."

"Sufuria, muulize: yeye atanyonyesha? Nani atamuonyesha mutoto wangu namna ya kushika mutoto? Mulango ya chuma?"

Hapo nilicheka wazi. Sufuria inaruhusiwa kucheka.

"Weye sufuria, ambia mama, siye tulifundishwa. Sisi wote wawili. Minye nimeandika. Kama mama anaruhusu, nasoma."

Gertrude alinyanyua bega moja, nami nikapeleka ndani habari ya bega hilo: "Soma, bwana yangu."

Sasa sikilizeni vizuri. Mtu wa buko hawezi kulitaja ziwa la mwanamke mbele ya mama mkwe wake. Bora ataje jina la shetani. Damas aliwaza sana, akaona Kifaransa kitamfichia aibu. Kwa Kifaransa ziwa ni *sein*. Lakini Kifaransa ni lugha ya mwizi: *sein* ni ziwa na *saint* ni mtakatifu. Ukiviandika ni vitu viwili, vikitoka mdomoni ni kimoja. Na Gertrude, aliyeiacha shule darasa la nne, anaimba kwaya ya wamama tangu ujana wake. Kati ya hayo mawili yeye analijua moja tu.

"Nambari moja," Damas akasoma. "*Sein* inatolewa mutoto akiomba. Muchana na usiku. Mara munane, mara kumi, hata zaidi."

Mgongo wa Gertrude ulinyooka. "*Saint*?" akaniuliza kwa sauti ya chini.

"Njo vile amesema," nikajibu.

"Nambari mbili. Miezi sita ya kwanza, ni *sein* tu. Hakuna maji, hakuna uji, hakuna kintu."

"Mufungo wa miezi sita!" Gertrude akashika kifua. "Mutoto mucanga!"

"Nambari tatu. Mutoto asishike nchani tu. Afungue kinywa kabisa, *sein* iingie mingi, na ile sehemu nyeusi yote."

"Mutakatifu mweusi," Gertrude akanong'ona. "Mu kinywa."

Mimi nilikuwa nimekwisha kuelewa tangu nambari moja. Ningeweza kusema neno moja tu, na mambo yangekwisha. Mbele ya Mungu, ningeweza. Lakini nilikuwa nimeuma ncha ya kikwembe changu na machozi yananitoka. Sikuwa nimecheka hivyo tangu mazishi ya bwana wangu.

"Nambari ine," Damas akaendelea, na sasa sauti yake ilikuwa imepata raha, maskini, alidhani anashinda. "Ziko mbili. Akimaliza ya kushoto, anapewa ya kuume."

"Ya kushoto!" Gertrude aliruka kitini. Msisahau, katika Injili walio kushoto ni mbuzi, na mbuzi wale hawaendi pazuri. Alifanya ishara ya msalaba mara mbili, akasahau sufuria kabisa. "Noëlla! Noëlla, kuya hapa! Shika bintu yako, tunaenda. Si kesho, sasa! Nilimupa mutoto wangu kwa mukristo, kumbe iko mu chumba cha maombi, mu dini ya uongo! Wanataka kumufungisha mutoto njaa juu ya batakatifu babo ya kushoto!"

Kicheko kilinikauka.

Noëlla alitokea na mchi mkononi, majani ya sombe yamemshika kwenye mashavu. Alimtazama mama yake, akanitazama, akaona mfuko umefunguliwa. Aliweka mchi chini, akaingia ndani polepole, mkono kiunoni, mwingine tumboni. Mimi nikasogeza kiti karibu na pazia. Kusikiliza ni kazi ya wazee, vijana hawana nafasi.

"Ulimuambia nini mama?" Noëlla aliuliza.

"Nilimusomea daftari tu."

"Yote?"

"Mpaka nambari ine."

"Na sehemu nyeusi?"

"Nayo."

"Damas! Mbele ya mama yangu!"

"Nilisema na Kifaransa, Noëlla! Nilifikiri Kifaransa haina haya."

Kisha nikasikia nguo zinaingia mfukoni, na nguo zinatoka mfukoni. Mmoja alikuwa akipanga, mwingine akipangua.

"Acha," Noëlla akasema. "Hiyo ni ya tatu unatoa."

"Hii uliivaa siku nilikuomba tuoane. Haiendi Buluo."

"Damas, mama anangoja."

"Nasikia." Aliposema tena, sauti ilikuwa ya mtu mwingine, ndogo. "Noëlla, minye baba yangu nilimuona mara ya kwanza nikiwa na miaka saba. Alikuwa kazi ya mbali. Akarudi na sanduku, mama akanisukuma: salimia baba. Nikamupa mukono, nikasema, 'Bonjour, tonton,' ni kusema mujomba. Bantu wote walicheka. Yeye pia alicheka. Kisha alienda inje, nikamuona anapangusa macho na kofia. Tukaishi nyumba moja miaka kumi na moja mpaka alikufa. Tulikuwa na adabu sana, siye wawili. Kama wageni. Minye sitaki mutoto wangu anipe mukono."

Nilisikia kitanda kikilia, Noëlla akakaa.

"Na maziwa kama haitatoka?" alisema hatimaye. "Yangu ni madogo. Naogopa, sikuambii tu. Kila siku naogopa."

"Simone alisema udogo si kitu."

"Simone si mama yangu, Damas." Sasa alikuwa analia. "Nataka mama anishike mukono, aseme fanya hivi. Na nikifungua macho, nataka kukuona weye. Juu ya nini lazima nichague? Nani alisema lazima nichague?"

Ah, mbanda wangu. Nimekula chumvi nyingi, lakini sentensi ile ilinichoma kuliko pilipili. Mimi ndiye niliyemfundisha Gertrude kunyonyesha, mimi mwenyewe, miaka thelathini na mitatu iliyopita, alipokuwa akilia kwamba mtoto anamwuma. Nilimshika kichwa, nikamshika mtoto kichwa, nikawakutanisha. Gertrude alikuwa anaingoja zamu yake tangu siku ile. Na sasa kwa ajili ya kicheko changu watu watatu walikuwa wanaumia, wa nne hajazaliwa.

Nikainuka niende kwa Gertrude nikaungame. Lakini pazia lilifunguka kabla sijapata fimbo yangu.

Damas alitoka kinyumenyume.

Ndiyo, wapendwa, kinyumenyume kama kaa, mgongo mbele, ili asimtazame mama mkwe wake. Mkononi alikuwa na mto wake katika kikwembe cha Noëlla. Aliipiga sufuria teke, ikabingirika mpaka kwenye fensi. Hakusimama. Alikwenda hatua moja, hatua mbili, mpaka akabakiza kama mita moja kati ya mgongo wake na Gertrude. Gertrude alivuta kikwembe akajifunika kichwa kizima.

"Mama," Damas akasema, akiutazama mlango wa nyumba yake. "Sufuria imechoka. Nasema minye mwenyewe, na kama ni kosa, nitalipa. Nilitumia Kifaransa juu ya haya. Kama nilikosa, nisamehe. Lakini lazima ujue nilisema nini. *Sein*, mama. Ile ya kunyonya. Ziwa."

Hata jirani aliyekuwa akifua aliacha nguo mkononi, ikawa inadondosha maji peke yake.

"Ziwa?" ilisema sauti chini ya kikwembe.

"Ziwa, mama."

"Si mutakatifu?"

"Mutakatifu gani?"

"Wa kushoto!"

Damas alifikiri kidogo. Nikaona masikio yake yanaiva kwa aibu. Kisha akaunyanyua mto, akaulaza kifuani, kichwa cha mto upande wa kushoto. "Kushoto ni hivi, mama. Kisha unageuza, unaweka hivi. Tumbo ya mutoto inaangalia tumbo ya mama. Pua inaangalia ziwa. Na maziwa ya kwanza yenye kutoka njano, hatumwagi, ni dawa. Na akilia, si kila mara ni njaa. Na Noëlla akichoka, minye namubeba mutoto acheue, nabadilisha nguo yake, namupikia Noëlla sombe ya karanga. Ziwa sina. Bingine byote niko nabyo."

Kikwembe cha Gertrude kilianza kutikisika. Nilidhani ni kilio. Halafu kikatoka kicheko kimoja, kama chafya, kikafuatwa na kingine, akawa anajipiga mapaja. Na katikati ya kicheko akanigeukia mimi.

"Mama! Weye ulikuwa unajua!"

"Minye? Minye ni muzee, masikio yangu..."

"Ulikuwa unauma kikwembe! Nilikuona!"

"Nilikuwa na njaa."

"Nkambo!" Noëlla alisema kutoka mlangoni. Alikuwa amesimama pale, macho mekundu, mkono juu ya tumbo, na alikuwa anautazama mgongo wa bwana wake kama vile mtu mwingine anavyotazama uso.

Gertrude alijikumbuka, akarudi kwenye ukali. "Hata hivyo, ametaja ziwa mbele yangu. Kwa kinywa chake. Amevunja buko. Mama, sheria inasema nini?"

"Kuku," nikasema.

"Kuku. Basi alete kuku."

"Na kufungua buko, mwanangu, sheria inataka nini?"

Gertrude aliona nilikokuwa naelekea. "Ile inafanywa mutoto akishazaliwa."

"Nimeuliza nini inatolewa."

"...Kuku."

"Basi kuku ni kuku. Minye njo mukubwa hapa, na nimesema ni huyu huyu mumoja kwa yote mbili. Bwana yangu, kamata."

Damas alimpa Noëlla mto, akaanza kumfukuza kuku wake, huku akijitahidi bado kumpa mama mkwe wake mgongo. Mtu akimfukuza kuku kinyumenyume, kuku anafurahi. Huyu alipita chini ya kamba ya nguo, akazunguka pipa la maji, akaruka juu ya sufuria. Noëlla alijiegemeza mlangoni, anacheka, anajishika chini ya tumbo, "Damas, utanizalisha leo!" Kuku alikimbilia pembe ya fensi. Damas akaenda kuume.

"Kushoto, Damas!" Gertrude alipiga kelele, amesimama, kikwembe kimemwanguka mabegani. "Kushoto! Kushoto, baba! Anatoka! Aaa, mushike!"

Damas alijitupa. Akainuka na vumbi mpaka kwenye nyusi, kuku kifuani, akageuka.

Wakaonana.

Damas aliinamisha macho mara moja, lakini kicheko kilikuwa kimemkamata, hakikuweza kurudi, akakionyesha na meno yote. Gertrude alimtazama. Alimtazama paji la uso, akashuka, akapanda tena, bila haraka, kama mtu aliyengoja mwaka na nusu na sasa anakula polepole.

"Noëlla," alisema mwisho. "Haukuniambia kama iko na mwanya mu meno."

"Mama, ulikuwa unakataa nitaje uso wake!"

"Muzuri hivi." Alikaa tena kitini, safari hii uso kwa mlango. "Natamani nione kama mutoto ataukamata."

"Mutoto anazaliwa bila meno, Gertrude," nikamkumbusha. "Yanaota mwezi wa sita."

"Njo vile," akasema, na akausukuma mfuko chini ya kiti kwa kisigino. "Nitangoja hapa hapa mpaka yaote."

Damas akamlaza kuku mkononi kama mto wake wa mazoezi. Noëlla alikwenda akasimama karibu naye, bega kwa bega, akampangusa vumbi kwenye nyusi kwa ncha ya kikwembe cha mto. Kuku ndiye aliyejibu kwa niaba ya wote, na alikuwa na hasira sana.